Kengele ya Mtu wa Nyuma

Watu wengi hudhani kengele ya punda wa mbele ni ya punda wa mbele. Wapi. Punda yule angekuwa na hiari yake angeitupa korongoni, maana inamgonga kifuani kutwa nzima. Kengele ile ni ya mtu wa nyuma kabisa, yule anayetembea mkiani mwa msafara, anayekula vumbi la wenzake wote na asiyeona kitu ila matako ya mnyama aliyemtangulia. Huyo ndiye aliyehitaji kuisikia, ajue kwamba mbele bado kunakwenda na yeye hajaachwa. Mume wangu alinieleza hivyo mwaka alionioa. Nikamwambia, basi nyinyi mafundi mnawahurumia watu msiowajua kuliko wake zenu. Akacheka mpaka koleo likamponyoka. Tulicheka sana mwaka ule.

Njia ya misafara inapita mbele ya nyumba yetu. Naiita njia kwa heshima tu. Siku hizi magari yanapita kule kwenye lami, upande wa pili wa kilima, na hapa kwetu wanapita mbuzi, wachuuzi wawili watatu, na mlevi mmoja anayeimba vizuri kuliko wengi walio na akili zao. Lakini mawe ya njia yamelika katikati, yamekuwa na mabonde, kwa kwato za wanyama waliobeba chumvi na vitambaa na shaba tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka. Nyumba ilijengwa hapa kwa sababu yao. Baba mkwe, na baba yake, na waliomtangulia, wote walikaa hapa wakisubu kengele, yaani kumimina shaba iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya udongo na kungoja ipoe. Msafara haukuondoka bila kengele, na kengele haikuondoka bila kuitikiwa.

Hili la kuitikia nilieleze, maana ndilo lililonipa jina. Kengele ikishapoa na kutiwa ulimi, fundi huitundika kwenye boriti iliyo mlangoni mwa karakana. Mke wake huchukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akaifuata njia mpaka kwenye kona, pale penye jiwe kubwa lililopasuka, ambapo nyumba haionekani tena. Anasimama. Fundi anapiga. Mke akiridhika na sauti, anagonga kifuniko. Fundi akikisikia kifuniko, anapiga mara mbili, haraka haraka, maana yake nimesikia, rudi nyumbani. Mke asiporidhika, hagongi kitu, anarudi kimya, na kengele inarudi motoni bila ubishi. Ikishaitikiwa, ulimi wake hufungwa kitambaa mpaka siku itakapovishwa mnyama huko iendako. Isiyoitikiwa haiuzwi, hata mnunuzi alie machozi ya damu.

Kwa hiyo mtaa mzima wananiita Mama Kifuniko. Sikununa. Hatukujaliwa mtoto, na mtu lazima awe mama wa kitu.

Niliipenda ile safari fupi ya kwenye kona. Lakini sikujidanganya. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba ni desturi tu, kwamba mume wangu amekwisha kuijua kengele yake kabla mimi sijavaa viatu. Nilijiona kama mtoto anayepewa donge la unga alifinyange pembeni, ili naye aseme amepika. Kazi niliyoihesabu kuwa kazi ni ile ya karakana. Kukanda nta, kuchekecha udongo, kuvuta mivukuto mpaka mabega yakafa ganzi. Hata siku moja niliporudi kimya hakuniuliza, una hakika? Alichukua nyundo akaivunja kengele, akatia vipande kwenye chungu. Nilidhani ni mapenzi.

Alikufa hospitalini msimu wa baridi, kifua kimemjaa moshi wa miaka yote ya tanuri. Siku waombolezaji walipokuwa wanaaga, wifi yangu, dada yake wa pekee, alisimama katikati ya ua akasema kwa sauti ya kusikika na kila mwenye masikio, "Kengele zimekufa na mwenyewe. Huyu aliyebaki, kazi yake ilikuwa kugonga kifuniko."

Watu wakaangalia chini. Mmoja akakohoa. Mimi nilisimama na sinia la vikombe mkononi, nikayameza yale maneno kama mtu anayemeza mfupa, maana yaliniuma mahali ambapo mwenyewe nilikuwa nimeshajiuma zamani. Angenitukana uvivu ningemjibu. Angeniita tasa ningemjibu, majibu ya hilo ninayo ya kutosha. Lakini la kifuniko sikuwa na jibu lake, kwa sababu nilidhani ni kweli.

Wifi anaishi upande wa pili wa ua, nyuma ya tangi la maji, tangu mume wake alipokwenda kutafuta maisha na maisha yakampata huko huko. Ua ni mmoja, bomba ni moja, kamba ya kuanikia ni moja. Tangu siku ile tukawa tunakutana bombani asubuhi.

"Umeamkaje."

"Salama."

Basi, kila mtu na ndoo yake. Hilo bomba lenyewe, linavyokoroma, lilikuwa na mazungumzo kuliko sisi. Mara nyingine jioni nilimwambia paka asogee, sauti yangu mwenyewe ikanishtua, kumbe sijafungua kinywa tangu kuamka. Upepo ukitikisa mnyororo kwenye boriti, nilikuwa naitika, "Nakuja," halafu nabaki nimesimama katikati ya chumba na mwiko mkononi. Sijui kama upweke una jina jingine. Kwangu ulikuwa ndiyo huo, kuitika pasipo mtu kuita.

Kisha akaja yule dada wa makumbusho. Mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea mbali, na adabu zake. Walikuwa wanajenga jumba dogo mahali njia ya misafara inapokutana na lami, la kuonyesha mambo ya njia hii na sanaa za watu wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, futa hicho kiti kwanza, kina vumbi la mwaka."

Akakaa bila kufuta, nikampenda kidogo. Akasema wamepata matandiko ya wanyama, wamepata mizani na viriba vya maji vya safari. Kitu kimoja kimekosekana. Kengele ya nyumba hii. Walizookota njiani zote zina nyufa, na kengele yenye ufa ni bakuli tu.

"Fundi amefariki," nikasema.

"Pole sana, mama, nimeambiwa. Nimeambiwa pia kwamba wewe ulifanya naye kazi zote."

"Nani kakwambia?"

Akatazama mlangoni. "Watu."

"Na nikishindwa?"

"Tutaweka picha."

"Picha ya kengele."

"Ndiyo, mama."

"Itasikikaje?"

Hakujitetea. Alisema, "Haitasikika." Akaeleza kwamba wakiipata nzima wataitundika nje, mlangoni, kila aingiaye aipige, na kwamba ufunguzi ni kabla ya mvua. Nilimwambia nitajaribu. Ndani ya roho nilikuwa nimeshaanza kuchekecha udongo, na nisidanganye, sikuwa nafikiria makumbusho. Nilikuwa nafikiria ua, siku ile, na watu walioangalia chini. Nilitaka kengele ile ilie mpaka nyuma ya tangi la maji.

Lakini palikuwa na jambo jingine pia, kubwa kuliko hasira. Kila nyumba ya wasubu ina sauti yake, na ya kwetu ilikuwa nzito, yenye mkia mrefu. Mume wangu alikuwa hazungumzi sana. Sauti yake niliyoizoea kuliko zote ilikuwa ile, inayokuja kupitia njia mpaka kwenye jiwe nililosimama. Sikuwa nayo popote. Nilitaka kuisikia tena hata mara moja, halafu waichukue watakako.

Shaba yetu haitoki dukani. Imo kwenye sanduku la mbao chini ya meza, vipande vya kengele za zamani zilizorudi zimechoka, na kila kengele mpya ina vipande vya bibi zake ndani yake. Ubaya wake ni kwamba kila unapoiyeyusha inapungua. Juu hufanya takataka, unazikwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Mume wangu alikuwa na msemo, shaba ni kama subira, usiichemshe chemshe.

Nilifanya kazi peke yangu. Nilitengeneza umbo la nta, nikalipaka udongo laini uliochanganywa na mavi ya punda, nikalikausha, nikaliotesha moto mpaka nta ikatiririka nje, ikabaki kalibu tupu. Mivukuto inahitaji mtu na chungu kinahitaji mtu, na mtu alikuwa mmoja, kwa hiyo nilifunga kamba ya mivukuto mguuni, nikawa navuta kwa mguu huku mikono imeshika koleo. Angenipitia mtu wakati ule angedhani nimepagawa. Hakupita mtu.

Kengele ya kwanza ilitoka haina tundu wala ufa. Nikaitia ulimi. Nikaitundika kwenye boriti. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sheria haijabadilika, kengele lazima iitikiwe, na mwitikaji ni mimi, na mpigaji pia ni mimi. Nikafikiri kidogo. Nikachukua kifuniko na mwiko, nikaipiga kengele kwa nguvu zangu zote, nikakimbia. Mtu wa umri wangu, gauni nimelishika kwa mkono mmoja, kifuniko kwapani, nakimbilia kwenye kona kabla sauti haijaisha.

Mlevi alikuwa ameketi ukutani. "Mama Kifuniko, unakimbizwa na nani?"

"Na kengele."

"Basi imeshindwa mbio, maana mimi siioni."

Nilipofika kwenye jiwe, nikihema kama mvukuto wenyewe, nilisikia ndege. Kengele ilikuwa imenyamaza zamani. Nikasimama na mwiko nimeuinua. Kuitikia kitu ambacho hukukisikia ni uongo, na sijawahi kudanganya pale. Nikaushusha mwiko, nikarudi. Na nilipofika mlangoni nikatambua kwamba nimerudi kimya. Sheria ni sheria. Nikachukua nyundo.

Mtu mwingine angejicheka akaiacha kengele. Mimi niliivunja, kwa sababu nimekaa miaka mingi katika nyumba ambamo kurudi kimya kuna maana moja tu.

Baada ya hapo nikaona nisijitese na kona. Fundi alikuwa anajua kengele yake palepale, nikajiambia, basi na mimi nitajua palepale. Nikasubu nyingine. Nikaipiga nikiwa nimesimama mbele yake, sikio karibu. Ee bwana. Ilikuwa ni kelele tupu, sauti tatu nne zinagombana humo ndani, kama sinia limeangushwa jikoni. Hapakuwa na uzito wala mkia. Sikuisikia nyumba yetu humo hata kidogo. Nikavunja. Nikabadili unene wa mdomo, nikasubu nyingine, kelele zile zile. Nikabadili ulimi, kelele. Kila nilipokwangua takataka juu ya chungu niliona sanduku la mume wangu linaisha mbele ya macho yangu. Ikafika mahali nikawa naogopa kupiga. Nilikuwa naizunguka kengele kama mtu anayezunguka barua ya hospitali.

Na kila iliponikera, maneno ya wifi yalirudi. Kugonga kifuniko. Nilianza kuyakubali. Usiku sikuwa nalia kwa sababu amekufa tu, nililia pia kwa sababu niliishi naye miaka yote ile, nikavuta mivukuto yake, na sikujifunza hata sauti yake inatoka wapi.

Siku moja kabla ya yule dada kurudi, nilikuwa na kengele moja na sanduku tupu. Vipande vichache tu vimebaki chini, havijazi hata kikombe. Nikiivunja hii na kuiyeyusha tena, shaba haitatosha kujaza kalibu. Nikaipiga. Sinia jikoni. Nikaipiga tena, labda imenionea aibu. Ilikuwa ile ile.

Nikaitoa kwenye boriti nikailaza juu ya fuawe. Bora waweke picha, nikasema moyoni. Picha haimwaibishi mtu. Nikanyanyua nyundo.

"Hodi."

Wifi alikuwa mlangoni, kanga imefungwa vibaya, mikono ina sabuni. Hajakanyaga karakana ile tangu kaka yake atolewe humo.

"Unapiga hodi kwenu?" nikamwambia.

"Napiga hodi kwa sababu una nyundo." Akatazama fuawe. "Unafanya nini na hiyo?"

"Naivunja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mbaya. Zote zilikuwa mbaya. Furahi sasa, wifi, ulisema kweli."

Hakufurahi. Alikaa kwenye kile kiti, naye hakukifuta, akawa ananiangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Zote," akasema. "Na ile ya wiki iliyopita? Ya asubuhi, nilipokuwa nafua?"

"Niliivunja."

"Na ile ya kabla yake?"

"Nimekwambia zote."

Akajifunika uso kwa mikono yake yenye sabuni. Nilidhani anacheka. Nimemjua wifi miaka mingi na sikuwahi kumwona analia, hata msibani alikuwa mkavu, ndiyo maana yale maneno yalitoka makali namna ile. Sasa alikuwa analia mabega yakitikisika, povu linamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Ile ya wiki iliyopita alikuwa ni yeye," akasema. "Nilikuwa nyuma ya tangi. Nikaacha nguo majini nikakaa chini. Nikasema, kaka huyo. Nikangoja uende konani. Nikangoja nisikie kifuniko. Hukwenda. Nikasema, huyu mwanamke ana roho ya jiwe, anaisikia vile na haitikii."

"Mimi sikumsikia," nikasema. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Ni kelele, wifi. Sikiliza mwenyewe."

Nikaitundika nikaipiga. Akakunja uso.

"Hapa karibu ni kelele, ndiyo," akasema. "Lazima iwe kelele. Nani alikwambia usikilize hapa?"

"Yeye si alikuwa anasikiliza hapa?"

"Nani, kaka? Kaka alikuwa hasikii kitu hapa. Wala baba. Baba alikuwa akipiga kengele anaziba masikio, humkumbuki? Ah, hukumkuta. Mama yetu ndiye aliyekuwa anajua. Baba alikuwa fundi wa mikono tu. Mama alipougua, karakana ilifungwa mpaka alipopona, hatukuuza kengele hata moja, tulikula maboga mpaka tukageuka rangi. Na mama alipokufa, kaka akaambiwa aoe." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Alichelewa sana kuoa. Alikuwa anawapeleka wasichana wa watu kwenye ile kona, wanakwenda, wanagonga kifuniko kwa kila kitu. Hata kengele yenye ufa wanagonga. Wewe ulikwenda ukarudi kimya. Akaja kwangu mbio, akasema, nimempata."

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti kingine, nikakaa juu ya sanduku tupu.

Siku ile naikumbuka. Nilikuwa nimekuja na shangazi kuleta nta. Kijana mmoja mrefu, masizi mpaka nyusi, akaniomba nimfanyie hisani, nisimame kwenye jiwe na nikipenda sauti nigonge. Sikuipenda. Nikarudi nimwambie pole, nikaona anatabasamu kwa kengele iliyoharibika, nikamwona mjinga. Kumbe ndiyo ilikuwa posa.

Miaka yote. Kila aliponingoja mlangoni, nikirudi kimya, nikiwa najiona mtoto na donge lake la unga, alikuwa ananingoja kweli. Hakujua mpaka niseme. Alikuwa ananihitaji, na mimi nilidhani ananibembeleza. Natamani angekuwa hai nimgombeze. Mtu anawezaje kuishi na mke miaka ile yote asimwambie? Lakini najua angejibuje. Angesema, si nilikuwa naivunja kila ukirudi kimya? Ulitaka nikwambie vipi tena?

"Basi kwa nini ulisema vile?" nikamwuliza wifi. "Mbele za watu."

"Nilitaka na wewe uumie. Wewe ulikuwa na sinia la vikombe, unawahudumia watu, umetulia, na mimi nimebaki sina ndugu hata mmoja duniani. Nilitafuta la kukuchoma nikalipata." Akasugua mikono yake. "Halafu likanichoma mimi. Nani unadhani alimwambia yule dada wa makumbusho aje kwako?"

"Alisema watu."

"Mimi ni watu."

Nilimletea maji anawe. Akanawa. Tukatazama kengele, inaning'inia imetulia, haijui kwamba ilikuwa imebakiza pumzi moja. Nilifikiria zile nyingine, zote zile, nilizozisubu na mguu umefungwa kamba, nikazivunja moja moja zikiwa nzima. Zilikuwa zake na nilikuwa nimezileta tena duniani na nikazirudisha motoni kwa mkono wangu. Nikasema kwa sauti, "Nimemuua mara nyingi." Wifi akasema, "Nyamaza, chukua kifuniko chako."

"Utaweza kupiga?"

"Kupiga kitu kwa nguvu? Wewe hunijui?"

Nilicheka, bila kutaka. Nikamwonyesha jinsi ya kushika kamba ya ulimi, asiivute pembeni. Nikamwambia angoje mpaka nipotee kabisa kwenye kona ndipo apige, mara moja, aiache iishe yenyewe. Hayo tu ndiyo niliyomwambia.

Nikaifuata njia. Sikukimbia safari hii. Jua lilikuwa juu ya kilima, mawe yana joto, na miguu yangu iliijua njia vizuri kiasi kwamba ningeweza kulala nikitembea. Mlevi hakuwapo. Nilifika kwenye jiwe lililopasuka, nikageuka, nikaegemeza bega mahali pake, pale palipoingia kidogo kwa mabega ya wanawake walioegemea kabla yangu. Sikuwahi kuwafikiria wanawake wale. Nilidhani ni jiwe tu limekaa vizuri.

Nikangoja. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini. Hospitalini nilikuwa nimeshajua.

Ikaja. Zile sauti zinazogombana zilikuwa zimeachwa nyuma, njiani, kwenye kuta na vumbi, ikafika moja peke yake, nzito, imetulia, ikapita juu ya kichwa changu na kuendelea na mkia wake mrefu kuelekea ambako misafara ilikuwa inakwenda. Alikuwa ni yeye. Hapakuwa na haja ya kufikiri. Nilikuwa mtu wa nyuma, nimekula vumbi langu peke yangu tangu msimu wa baridi, na mbele bado kulikuwa kunakwenda.

Nikagonga kifuniko. Niligonga vibaya, nikagonga tena vizuri.

Halafu ndipo nikakumbuka. Zile mbili. Sikumwambia wifi habari za zile mbili, nimesikia, rudi nyumbani. Hazikuwa za kengele, zilikuwa za kwetu wawili. Nikabaki nimesimama pale na kifuniko kifuani, na sikuweza kuondoka. Naona aibu kulisema, mtu mzima, kona haiko mbali na mlango wangu na njia ipo mbele yangu. Lakini sijawahi kuondoka pale kabla ya kuitwa. Jua likateremka kidogo. Nikajiambia, rudi, mama, kuna mtu anakungoja na hajui afanye nini. Miguu ikakataa. Nikalia kwa sauti, hapakuwa na wa kunisikia.

Kutoka nyuma ya kona kengele ikalia mara mbili, haraka haraka.

Si ajabu. Mtu aliyelelewa kwenye ule ua, akafua nguo nyuma ya lile tangi miaka yote ile, angekosaje kuzijua.

Nikajifuta uso kwa gauni, nikaenda nyumbani.